Mrejesho: "Completely" na dagaa wa Mwaloni

Ndugu zangu, nashukuru kwa majibu yenu. Niliuliza kwa nini mteja wangu wa Kampala alituma lori Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, ilhali nilikuwa nimemwandikia kwamba dagaa "are not completely dry", nikikusudia kuwa bado ni wabichi kabisa. Mlikuwa sahihi: kwa Kiswahili "hawajakauka kabisa" huweza kumaanisha kwamba hawajaanza hata kukauka, lakini kwa Kiingereza "not" ikitangulia "completely" hukanusha ule ukamilifu tu, hivyo mteja alielewa kwamba wamebakiza jua la asubuhi moja. Nilipaswa kuandika "not dry at all". Gharama ya lori tuligawana, kwa shingo upande.

Nilipopitia barua zangu za zamani nikakuta kosa jingine, la kuliingiza neno "completely" kati ya kitenzi na shamirisho: "we emptied completely the store". Sasa naandika "we emptied the store completely". Na ile "completely big" niliyoitetea kwa ukaidi, kwa kuwa sisi husema "kubwa kabisa", nimeifuta.

Leo nimemwandikia "the dagaa have dried completely", naye ameuliza bei tu.