Dosimeta juu ya tabliye: mtoto tumboni amepokea kiasi gani?
Jambo ndugu wapendwa. Niko Lubumbashi, ninapiga picha za eksirei hospitalini, na nina mimba ya wiki tisa. Dosimeta yangu (kifaa kidogo cha kupimia mionzi), ninayoibana kwenye kola juu ya tabliye ya risasi (aproni yenye madini ya risasi, ya kukinga mionzi), imeonyesha milisiverti 0.6 (kizio cha kiasi cha mionzi mwilini) kwa miezi mitatu. Mipaka naijua: milisiverti 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi, 1 tu kwa mtoto tumboni tangu mimba itangazwe kazini. Seli zake zinagawanyika upesi, ndizo mionzi inaziumiza zaidi, usingizi umenihama. Mkuu wangu alinijibu tu kwamba ni kidogo. Tena tabliye yenyewe imepasuka kwenye mkunjo wa kiuno.

Naomba ushauri: kipimo cha kwenye kola kinaonyesha kweli kinachofika tumboni? Nivae dosimeta ya pili ndani, usawa wa kitovu?