Farasi ametolewa viatu vya chuma, sasa anaogopa changarawe: nimsaidieje?

Mlezi wa Farasi (swali)

Salaam kwenu nyote. Ninaye farasi jike wa miaka 12 ambaye miguu yake ya mbele imevalishwa viatu vya chuma kwa takriban miaka 7 bila mapumziko. Wiki 3 zilizopita tulimvua, kwa sababu visigino vya kwato zake vilikuwa vimebanana, na ile pembetatu laini iliyo katikati ya unyayo ilikuwa imesinyaa hata nikaweza kuifunika kwa kidole gumba. Kwenye mchanga na majani anatembea vizuri, hata kukimbia anakimbia. Lakini akifika pale sakafu ya banda inapoishia na changarawe inapoanza, husimama, huinamisha kichwa kana kwamba anazihesabu zile kokoto, kisha hutanguliza ncha ya ukwato, taratibu sana. Ukingo nao umeanza kumeguka kwenye matundu ya misumari. Juzi nilipokuwa nampiga brashi, kipande kama ukucha wangu kilibanduka.

Nimepewa mashauri mawili yanayopingana. Mmoja ananiambia nimzungushe kwenye mawe kila siku ili unyayo ukomae, na mwingine anasema nimrudishie viatu kabla hajaharibika kabisa. Ninaomba mwongozo wa wenye uzoefu.

Fundi wa Kwato

Ndugu yangu, hayo unayoyaona ni ya kawaida, ila shauri la kumzungusha kwenye mawe usilifuate. Unyayo hukomaa kwa mwendo usio na maumivu. Farasi anayeumia hukwepa kukanyaga kwa kisigino na kuhamishia uzito kwenye ncha ya ukwato, na kisigino chake hubaki dhaifu vilevile kilivyokuwa ndani ya kiatu, kwa kuwa tishu za nyuma ya ukwato hujengeka pale zinapopokea kishindo cha hatua.

Ukwato huota kutoka juu, kwenye mstari wa nywele, kwa kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba ukwato anaotembelea leo uliumbwa akiwa bado na viatu, na sehemu ya mbele itahitaji miezi 9 hadi 12 kufanyika upya yote. Matundu ya misumari yako chini, kwa hiyo yataisha mapema zaidi, ndani ya miezi 2 au 3. Kumeguka kwenyewe kusikutishe maadamu kunaishia kwenye matundu. Ufa unaopanda kuelekea kwenye nywele, au unaotoa damu, ni jambo jingine, na huo aonyeshwe fundi au daktari mara moja.

Kazi ya tupa sasa ni moja tu: kuuviringisha ukingo wa chini kwa kuishika tupa mshazari, ili usibaki na kona kali inayonasa kwenye jiwe na kubandua kipande kikubwa. Fundi wako afanye hivyo kila baada ya wiki 4 hadi 6, akiondoa kidogo kidogo. Na hapa nasisitiza kwa sababu nimekuta farasi wengi wakiumizwa hivi: asiukwangue unyayo kwa kisu ili uonekane safi, wala asiipunguze ile pembetatu isipokuwa vipande vilivyokwisha kulegea vyenyewe. Unyayo ulio mnene ndio unaoukinga mfupa wa ndani, na farasi aliyevuliwa viatu hana ziada ya kupoteza. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili mbele kidogo ya ncha ya pembetatu. Ukiona unabonyea, ni mwembamba mno, na farasi huyo hapaswi kukanyaga changarawe bila kinga.

Kinga ninayoisema ni buti za mpira za kumvalisha wakati wa kutembea, zenye godoro laini ndani. Zipimwe baada ya ukwato kutengenezwa, kwa upana na kwa urefu, kwani buti iliyolegea huzunguka mguuni na iliyobana huchubua visigino.

Msafiri wa Nyikani

Naunga mkono maneno ya fundi, na nayaunga mkono kwa kosa nililolifanya mwenyewe. Nilimvua dume langu viatu nikampeleka kwenye njia ya mawe mwezi uleule wa kwanza, nikiamini anajengeka. Asubuhi moja nikamkuta amesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameuning'iniza, nikadhani amevunjika mfupa. Lilikuwa jipu ndani ya ukwato. Daktari alilitoboa, usaha mweusi ukatoka, na tukakaa wiki 2 tukifunga na kufungua bandeji. Mnyama aliumia kwa haraka yangu, na hadi leo jambo hilo linanisikitisha.

Baada ya hapo nilianza upya. Nilimtembeza kwa mkono, akiwa amevaa buti, dakika 15 asubuhi na jioni kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, nikiongeza muda pale tu hatua zake zilipokuwa ndefu na huru. Nilikuwa nampiga video kwa simu kutoka ubavuni, kisha naitazama kwa mwendo wa polepole: je, kisigino kinagusa ardhi kwanza, au ncha? Jicho peke yake hudanganya, kwa kuwa tofauti ni ndogo mno. Siku kisigino kilipotangulia bila buti kwenye udongo mgumu, ndipo nilipompa dakika chache za changarawe ndogo ya mviringo, nikimwacha achague mwenyewe pa kukanyaga.

Daktari wa Mifugo

Naomba kuongeza upande wa chakula na magonjwa, kwa sababu farasi wengi wanaosemekana kuwa na "miguu laini" baada ya kuvuliwa viatu, tatizo lao liko kwenye hori. Sukari na wanga vikizidi, tishu zinazoushikilia ukwato kwenye mfupa hupata uvimbe mdogo ambao kiatu kilikuwa kinauficha. Mwangalie huyo jike: je, ana pete kwenye ukuta wa ukwato ambazo ni pana zaidi kuelekea kisigino? Shingo yake ina mafuta magumu? Weka vidole pande zote mbili nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, usikilizie mapigo. Yakiwa mazito na ya nguvu, na ukwato una joto, mwite daktari siku hiyohiyo na usimtembeze.

Kwa farasi wa namna hiyo acha molasi na nafaka, punguza malisho ya majani mabichi, na majani makavu uyaloweke kwenye maji baridi kwa saa moja hivi, kisha umwage maji hayo, kwa kuwa yameibeba sukari. Zinki na shaba hupungua katika malisho mengi, na bila madini hayo ukwato haujengeki vizuri. Bayotini ya miligramu 20 kwa siku kwa farasi mkubwa husaidia baadhi yao, lakini manufaa huonekana katika ukwato mpya tu, baada ya miezi.

Ukague pia mfereji wa katikati ya pembetatu. Ukiwa na kina kirefu, mweusi na unanuka, pana maambukizi, na hayo pekee yanatosha kumfanya akwepe kisigino. Safisha kila siku, kausha, weka dawa isiyochoma. Dawa kali za kufulia nguo huua tishu hai, msizitumie.

Kumrudishia viatu si aibu iwapo anaumia na njia nyingine zimeshindikana. Eksirei itaonyesha unene wa unyayo, na uamuzi utakuwa na msingi.

Mlezi wa Farasi

Ninawashukuru kwa dhati. Nimekagua leo: mapigo ni hafifu na kwato ni baridi, lakini mfereji wa katikati unameza nusu ya pamba ya sikio na unanuka vibaya. Nimeanza kuusafisha. Swali la mwisho kwa fundi: buti azivae hata usiku?

Fundi wa Kwato

Hapana, hasa akiwa na maambukizi hayo. Mvue jioni, uzioshe na uzianike, naye alale pakavu penye matandiko mazito. Mchanga mkavu wa kina kidogo mahali anaposimama kunywa maji utamfaa pia, kwa kuwa hujaa kwenye unyayo na kuubeba wote kwa pamoja.