Mazoezi ya kujipima kwenye kompyuta: mwanafunzi azuiweje kubahatisha?

Mwalimu wa Hisabati
Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninaandaa mada ya sehemu kwa Darasa la Tano kwenye Moodle (mfumo wa kufundishia kwa kompyuta), na kila mada ndogo inaishia na maswali 10 ya kuchagua ili mwanafunzi ajipime mwenyewe, bila alama zake kuingia kwenye matokeo ya muhula. Tatizo ni kwamba wengi hubofya jibu moja baada ya jingine mpaka watakapopatia, kisha husonga mbele wakiamini kuwa wameelewa. Niyatunge vipi?

Mkufunzi
Mwalimu, anza na majibu yasiyo sahihi, kwa maana hayo ndiyo yenye kazi kubwa. Ukiuliza 1/2 + 1/3, weka 2/5 kwa ajili ya anayejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini), na 2/6 kwa ajili ya aliyepata KDS (kigawe kidogo cha shirika, hapa 6) lakini akasahau kubadili viasi. Kila jibu liwe na mrejesho wake: wa 2/5 aulizwe inakuwaje jumla iwe ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Swali hilo humrudisha kwenye daftari, jambo ambalo neno «Umekosea» haliliwezi. Kisha chagua mpangilio wa kujaribu zaidi ya mara moja. Ukiweka dokezo moja, atapata nafasi mbili tu. Maswali 4 ya namna hiyo yanatosha.

Mtunzi wa Masomo
Naafiki, ila yapo pia maswali yanayompima mtu uhakika wake. Utaratibu huo, ulioendelezwa na Tony Gardner-Medwin wa University College London, umo ndani ya Moodle: anayepatia hupata alama 1, 2 au 3 kulingana na uhakika aliotaja, na anayekosea hupata 0, -2 au -6. Anayebahatisha hana faida ya kujidai.

Mkufunzi
Kwa wanachuo, sawa. Mtoto wa miaka 10 akiona -6 atafunga kompyuta, na sitamlaumu. Mwulize tu kama ana uhakika, bila kumkata alama.

Mwalimu wa Hisabati
Nashukuru sana. Nitapunguza maswali, na wiki hii nitapitia madaftari yao ili majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa wanayoyafanya kweli, kwani nakiri kuwa mengi niliyoweka awali niliyabuni haraka haraka ili kujaza nafasi.