Chenin: chupa mbili za Vouvray, moja kali na nyingine kama asali

Mhudumu wa Meza

Ndugu wanajukwaa, ninahudumia wageni mezani katika hoteli moja ya Dar es Salaam, na wiki iliyopita nilipata aibu ambayo nisingependa ijirudie. Mgeni aliagiza Vouvray, mvinyo mweupe wa Ufaransa, akaonja na kuusifu. Alipoagiza chupa ya pili, nilimletea ya mtengenezaji mwingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwisha stoo. Akakunja uso na kuniuliza kama nimemletea sharubati. Baadaye nilionja mabaki ya chupa zote mbili: mvinyo wa kwanza ulikuwa mkali kama tofaa bichi, na wa pili ulikuwa mtamu kiasi cha kunata mdomoni. Msimamizi wangu anashikilia kwamba mmoja umeharibika, ingawa mimi sikusikia harufu yoyote ya siki. Inawezekanaje zabibu moja, Chenin, iliyovunwa eneo moja, itoe mivinyo miwili isiyofanana hata kidogo? Na watu wanapendea nini zabibu isiyotabirika namna hii?

Mkaazi wa Tours

Ndugu Mhudumu, hakuna chupa iliyoharibika, na msimamizi wako asikutie shaka. Vouvray ni kijiji kilicho mashariki mwa mji wa Tours, kandokando ya mto Loire, na mvinyo mweupe wenye jina hilo hutengenezwa karibu wote kwa Chenin. Sheria haimlazimishi mtengenezaji kuchagua kati ya mkavu, yaani usio na utamu, na mtamu. Anaamua kila mwaka kulingana na hali ya hewa aliyojaliwa. Chenin huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, hivyo mavuno huanza Septemba na yanaweza kufika Novemba. Mwaka wa baridi na mvua, sukari ni kidogo, kwa hiyo hutengenezwa mvinyo mkavu au wa mapovu. Mwaka wa jua, mkulima mwenye subira huyaacha matunda kwenye mizabibu.

Subira hiyo niliiona kwa macho yangu nilipokwenda kuvuna kama kibarua kwenye bonde la Layon, kusini mwa mji wa Angers, ambako ukungu wa asubuhi hupanda kutoka mtoni na kuondolewa na jua la mchana. Unyevu huo huleta kuvu iitwayo Botrytis cinerea, ambayo hutoboa ganda la zabibu na kuyaacha maji yake yakauke, huku sukari na asidi zikibaki zimekolea. Wafaransa huuita uozo wa kiungwana. Kichala kimoja kilikuwa na punje za dhahabu, punje za rangi ya zambarau na punje zilizosinyaa zenye vumbi kama jivu, nasi tuliagizwa kuchuma hizo zilizosinyaa tu na kuziacha nyingine. Tuliirudia mistari ileile mara tatu katika majuma matatu; saa nzima ya kuinama haikujaza hata nusu ya kikapu, na vidole vilinata kama vya mtu aliyekuwa akirina asali. Humo ndimo hutoka mivinyo ya Quarts de Chaume na Bonnezeaux.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Kinachowavuta watu ni asidi ya Chenin, ambayo haipotei hata tunda likiiva kupita kiasi. Utamu ukikosa kitu cha kuushika huchosha baada ya glasi moja, lakini hapa kila tone tamu hufuatiwa na ukali unaosafisha kinywa, na asidi hiyohiyo huufanya mvinyo mzuri udumu chupani kwa miongo kadhaa. Ukiwa mchanga hunukia tofaa na maua. Ukizeeka huleta asali, na wakati mwingine harufu ya sweta la sufu lililonyeshewa mvua. Mimi naipenda harufu hiyo, ila mke wangu husema ni harufu ya mbwa.

Mzabibu wa Hombolo

Ndugu wa Tours amesema vyema, ila asitufanye tuamini kwamba zabibu hii ni ya nchi za baridi peke yake. Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba mengi zaidi ya Chenin duniani, na kwa muda mrefu waliiita Steen, hadi miaka ya 1960 ilipothibitishwa kwamba ni ileile ya Loire. Hata sisi Dodoma tunaipanda. Huku mzabibu haulali kwa baridi. Tunaupogoa ndipo uchipue, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Joto letu huua asidi ya zabibu nyingi nyeupe, na mvinyo wake hupooza mdomoni kama maji yaliyoachwa juani, lakini Chenin hubaki na ukali wa kutosha. Mkulima wa nchi ya jua ana sababu ya kuipenda kuliko hata Mfaransa.

Mhudumu wa Meza

Nawashukuru wote. Nimezitazama tena chupa zile: moja imeandikwa *sec*, lakini ile tamu haina neno lolote zaidi ya Vouvray. Nitaijuaje kabla ya kuifungua?

Mkaazi wa Tours

Hilo ni kosa la watengenezaji, na hata wanywaji wa hapa hulilalamikia. Wanaoandika hutumia *sec* kwa mkavu, *demi-sec* kwa wenye utamu kiasi, na *moelleux* kwa mtamu. Pasipo neno, tazama kiwango cha kilevi: kikiwa chini, tuseme asilimia 11 au 12, huenda sehemu ya sukari haikugeuka kuwa kilevi, ingawa hiyo ni dalili tu. Njia ya uhakika ni kumuuliza anayewauzia, kisha kubandika karatasi ndogo shingoni mwa kila chupa. Na ile tamu usiifiche: mgeni akiagiza samaki wa kupaka mwenye nazi na pilipili, mmiminie kidogo, baridi kabisa, kabla hajauliza.