Gumzo la ukoo wa Mikindani: mpunga wa harusi

Salumu (Dar): Shikamooni wakubwa. Kuhusu Ijumaa, naona mpunga wa Kitere wote upelekwe mashine ukakobolewe, na mtu wa muziki aje na spika tangu asubuhi. Kina mama wapumzike.

Shangazi Somoe: Marahaba baba. Magunia yaende mashine, sawa. Ila debe moja na viungo vya pilau tutatwanga wenyewe, na spika zisiwashwe mpaka tumalize.

Salumu (Dar): Shangazi, kwani spika zinazuia kutwanga?

Shangazi Somoe: Zinazuia. Kinu kimoja michi mitatu, kila mtu ana zamu yake ya kushusha. Anayeimbisha ndiye anayetuweka sawa. Mkipotezana, michi inagongana, mpunga unamwagika. Mama yako alikuwa anaurusha mchi juu, anapiga kofi, anaudaka, na zamu haijampita! Tukiona mwenzetu anahema, wimbo tunaupunguza mwendo. Spika itajuaje nani kachoka?

Rehema (Japani): Shikamoo shangazi. Huku wana mochi, chakula cha mchele uliotwangwa, cha mwaka mpya hasa. Mchele wa kunata unapikwa kwa mvuke, unatiwa kinuni, mmoja anapiga kwa nyundo kubwa ya mti, mwenzake anaingiza mkono kati ya pigo na pigo kuugeuza. Wanaitikiana kwa sauti muda wote, maana akichelewa kidogo tu vidole vimekwenda. Na Hiroshima kuna sehemu inaitwa Mibu, mpunga unapandwa kwa ngoma na filimbi, kina mama wamejipanga matopeni wanaimba. UNESCO waliuingiza upandaji huo kwenye urithi wa dunia wa mila mwaka 2011.

Shangazi Somoe: Umeona Salumu!

Hamisi: Vienna kule Austria kuna kundi tangu 1998, ala zao ni mboga. Karoti inatobolewa inakuwa filimbi, boga linapigwa kama ngoma. Wakimaliza, watazamaji wanapewa supu ya mboga.

Shangazi Somoe: Supu hiyo nimeipenda. Mtu kaja kusikiliza, anaondoka kashiba.

Hamisi: Na sisi kibuyu cha kuchotea maji si ndicho tunachotia mbegu kikawa manyanga?

Mama Mdogo: Nipo na Bibi hapa. Anasema mafumbo ya kumfunda mwari yaimbwe hapohapo kinuni, bi harusi akae karibu asikie. Mengine hayasemeki mtu akiwa amekaa kitako mbele yako, ila kwenye wimbo yanapita.

Salumu (Dar): Nimekuelewa Bibi. Spika zije saa kumi, watu wakishakula pilau. Kinu kikubwa kipo kwa nani?

Mama Mdogo: Kwangu Chikongola. Ila mchi mmoja umepasuka.

Mjomba Bakari: Nitachonga mwingine, mti ninao. Niambieni tu atakayeutumia ana kimo gani.

Shangazi Somoe: Rehema akifika ni wake. Mrefu yule, usiubane.