Msaada wa ngazi tatu kwa wanafunzi, kata nzima: mnaanzia wapi?

Mkorosho_Mkavu (Newala)
Wakuu, habari za humu. Mimi ni afisa elimu kata, nina shule za msingi sita. Tumeagizwa tuanze msaada wa ngazi tatu: ufundishaji mzuri kwa darasa zima, kisha vikundi vidogo kwa wanaoyumba, kisha mtoto mmojammoja. Semina walituchorea piramidi ya Wamarekani: asilimia 80 ya watoto wanatoshwa na ngazi ya chini, 15 ya katikati, 5 ya juu. Nikapima darasa la tatu shule moja kwa hadithi ya aya moja. Watoto 84, waliosoma bila kukwama 31. Piramidi yangu iko kichwa chini! Hao 53 waliobaki, kwa walimu wawili, kikundi kidogo kiko wapi hapo?

Bi_Rondo (Lindi)
Mwalimu, hiyo 80 ni matarajio pale darasa la kawaida linapofundishwa vizuri. Zaidi ya nusu wakikwama, tatizo liko ngazi ya kwanza, vikundi havitaliponya. Nenda ukakae dawati la nyuma. Mimi nilikuta ubaoni "Kaka anakata kuni", watoto wanaitikia kwa sauti mpaka bati linatetemeka. Nikafuta, nikaandika "Dada anapika uji". Wakaitikia kaka anakata kuni.

Ukishashughulikia hilo, tenga nusu saa moja kwa siku, darasa la tatu hadi la tano, muda uleule. Mtoto aende anakosoma, si alikoandikishwa: wa herufi kwa mwalimu huyu, wa silabi kwa yule, wa aya nje kwenye mwembe. Pratham, shirika la elimu la India, hupanga hivyohivyo. Hapo wale 53 wanagawanwa na walimu wa madarasa matatu. Mwalimu wa la nne atalalamika upimaji wa taifa umekaribia; mpe kikundi cha hadithi, atatulia. Baada ya wiki sita hivi pima tena, hamisha watoto. Asiyesogea kabisa ndiye wa ngazi ya tatu.

MwlMasasi
Huyo asiyesogea, kabla hamjamwita mzito, simama nyuma yake umnong'oneze jina. Asipogeuka, mzazi ampeleke hospitali wakamwangalie masikio. Macho pia. Na wengine wameingia la kwanza na Kimakua au Kiyao tu, Kiswahili wanakikuta shuleni. Huyo hana ulemavu wowote.

Mzee_wa_Ratiba
Wakikuletea fomu za kujaza kwa kila mtoto, kataa. Daftari moja la kawaida kwa kila darasa linatosha, jina na kiwango cha kusoma, basi.

Mkorosho_Mkavu
Bi Rondo, ahsante dada, kesho nakwenda kukaa nyuma. Ila Oktoba ndiyo hiyo, korosho zikianza kudondoka nusu ya watoto wako shambani na wazazi.

Bi_Rondo
Basi usizindue Oktoba. Tumia muda huo kwa walimu, vikundi vianze Januari, shule mbili kwanza.

Mkorosho_Mkavu
Wakubwa wanataka kuona sita kwenye taarifa. Nitaandika mbili, waniite.