Binti ninayemlea anaiambia simu yale asiyoniambia mimi: naomba ushauri

Mama Mdogo, Makorora:
Habari zenu ndugu zangu. Ninamlea binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 16. Tangu afiwe na mama yake amekuwa mkimya, chakula anakigusagusa tu, na usiku wa manane naona mwanga wa simu ndani ya chandarua. Juzi alinipa simu ninunue luku, nikakuta mazungumzo marefu na programu ya akili mnemba. Alikuwa ameandika, "Leo nimemkumbuka mama nilipokuwa nakuna nazi," nayo ikamjibu kwa upole ambao mimi sijawahi kumwonyesha. Nilipomuuliza alisema, "Yenyewe hainichoki." Nimeumia sana. Je, nimnyang'anye simu?

Mwalimu wa Chumbageni:
Pole dada. Usimnyang'anye, ila mwombe radhi kwa kusoma siri zake. Programu hizo hukisia neno lipi lifuate, kutokana na maandishi mengi zilizofunzwa nayo, na aghalabu humkubalia mtu hata pale ambapo mzazi angemkatalia. Huko Marekani, mwaka 2024, mama mmoja wa Florida aliishtaki kampuni ya Character.AI, yenye programu kama hiyo, baada ya mwanawe wa miaka 14 aliyezoea kuongea nayo kujiua, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikawazuia walio chini ya miaka 18 kuendelea na mazungumzo huru.

Kijana wa Pongwe:
Mimi iliwahi kunisaidia, kwani iliniambia nimtafute mtu ninayemwamini, nikamweleza kaka yangu.

Muuguzi, Ngamiani:
Huzuni ya msiba si ugonjwa, lakini asiyekula wala kulala kwa wiki kadhaa anahitaji mtaalamu. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, mkaulizie huduma ya afya ya akili. Yeye mwenyewe pia anaweza kupiga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru, maana kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Tena, dada, ile nazi mkune pamoja.

Mama Mdogo, Makorora:
Ahsanteni. Nimemwomba radhi, na jana jioni alikaa kwenye mbuzi nami nikachuja tui. Nilimuuliza kama mlivyonielekeza. Alisema hajawaza kujidhuru, ila hujiuliza kama mama yake aliumia sana siku ya mwisho. Nilikuwepo siku hiyo, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Nimemsimulia yote, tukalia wote wawili. Jumatatu tunakwenda Bombo.